Duara Linazunguka Tu: Ukishusha Dishi na Kuhamia Intaneti

Bi mkubwa mmoja wa Mkunazini, Mji Mkongwe wa Unguja, alinipigia simu siku ya nne tangu nimshushie dishi. Hata nafasi ya kumwamkia hakunipa. "Mwanangu, dishi langu umelipeleka wapi?"

Mjukuu wake aliyeko Muscat alimnunulia TV ya inchi 43, akalipia intaneti ya nyumbani ya mwezi mzima, akaniagiza nishushe dishi na king'amuzi nikitie stoo. Sasa kila bibi akikaa mkekani baada ya Isha kufuata tamthilia yake ya Kituruki, picha huenda dakika mbili, ikaganda, na katikati ya uso wa bwana harusi kikatokea kiduara. "Kinazunguka mpaka napata kisunzi. Dishi lilikuwa likizimika mvua ikinyesha. Hiki kinazimika bila ya mvua."

Malalamiko ya namna hii nayapata kila wiki, kutoka Fuoni mpaka Wete, na karibu kila mlalamikaji ameshampata wa kumlaumu: kampuni ya intaneti. Mara nyingine kweli ni kampuni. Lakini mimi niliyefunga madishi miaka mingi, na sasa nusu ya kazi yangu ni kuyashusha, naona ubovu mara nyingi umo ndani ya nyumba: kwenye ukuta, kwenye umeme au kwenye bando. Dishi lilikuwa na waya mmoja ulioshuka hadi kwenye king'amuzi. Ukiharibika unaufuata kwa mkono mpaka ufike palipokatika. Intaneti ina vituo vingi njiani, na kazi ya kwanza ni kujua mambo yamekwama kituo gani.

Kwa hivyo kabla ya kugusa kitu, jiulize: ni TV peke yake inayosumbua, au hata simu zinazotumia rauta hiyo hiyo? Ni programu moja au zote? Ni saa zote au usiku tu? Kisha badilisha kitu kimoja kwa wakati. Nimeshakuta mtu ndani ya saa moja amewasha upya rauta, amefuta programu, amebadili laini na kununua waya mpya wa HDMI. Ikapona, na hajui kilichoponya. Wiki ya pili ikarudia, akaanza tena moja.

Duara linazunguka, picha inaganda

Simama na simu yako hatua mbili kutoka kwenye rauta, ufungue fast.com, tovuti ya Netflix ya kupimia kasi. Andika namba inayotoka. Kisha nenda na simu hiyo hiyo hadi ilipo TV, iweke sawa na kioo, upime tena. Netflix wenyewe wanashauri megabiti 3 kwa sekunde kwa picha ya 720p, 5 kwa 1080p, na 15 kwa 4K (hizo ni daraja za usafi wa picha, kutoka ya chini kwenda ya juu). Kwa bibi wa Mkunazini nilipata 18 pembeni mwa rauta na 1.4 mbele ya TV. Sikuhitaji kupima kingine. Intaneti ilikuwa ikifika mlangoni salama, ikafia ukutani.

Nyumba za Mji Mkongwe zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na ukuta wa unene wa nusu mita si ajabu. Unaleta baridi mchana wa kaskazi, lakini mawimbi ya rauta yakiingia humo hayatoki. Rauta ya bibi, fundi aliyeifunga aliiacha ukumbini chini, juu ya friji, nyuma ya kabati la vyombo lenye kioo. TV iko chumba cha juu. Nilipomwambia kwamba tatizo ni wifi, alinitazama kwa jicho la pembeni. "Wifi yangu ana kosa gani? Yuko Makunduchi."

Rauta nyingi hutoa mawimbi ya aina mbili, ya GHz 2.4 na ya GHz 5, na kwenye simu utayaona kama majina mawili yanayofanana, moja lina 5G mwishoni (haihusiani na 5G ya mitandao ya simu, usije ukalipia kitu). Ya 5 ina kasi lakini ukuta unaichosha upesi. Ya 2.4 inapenya zaidi, ila kasi yake ndogo na inagombaniwa na rauta za majirani, maikrowevu na bluetooth. TV na rauta zikiwa chumba kimoja, tumia 5. Kukiwa na ukuta mmoja kati, jaribu 2.4. Zikiwa kuta mbili za Mji Mkongwe, acha kubahatisha, pitisha waya. Nyuma ya TV nyingi lipo tundu la waya wa mtandao, na watu hawalitumii. Kwa bibi nilivuta mita 20, ukapanda ngazini pembeni ya boriti, ukaingia chumbani kwa tundu lililokuwa la waya wa dishi. Kiduara hakikurudi.

Kwenye nyumba za matofali za Kwarara au Fuoni kuta si tatizo sana. Kule tatizo ni rauta ya laini ya simu kuwekwa katikati ya nyumba chini ya mabati, inakotafuta mnara kama mtu anayesikiliza adhana huku amejifunika blanketi. Namba ikiwa mbaya hata pembeni mwa rauta, ihamishe dirishani, upande ulipo mnara, upime tena. Pemba ina jambo lake: vilima na mabonde. Nyumba ya juu inapata vizuri, ya bondeni mita mia mbili chini yake haipati kitu. Baadhi ya rauta zina matundu ya antena ya nje. Ukikaa bondeni, uliza hilo kabla ya kununua.

Asubuhi ikiwa safi na saa mbili usiku ikawa mbovu hata pembeni mwa rauta, hapo mnara umeelemewa, na hakuna utakalofanya nyumbani ila kupunguza ubora wa picha. YouTube kwa 480p inahitaji megabiti 1.1 hivi. Kwenye TV ya inchi 43 na mtu aliye mkekani mita tatu nyuma, picha hiyo inatizamika.

Zipo pia siku ambazo kosa liko mbali kabisa. Jumapili ya Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za baharini za EASSy na SEACOM zilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania nzima na kwa majirani zetu. Siku ile nilipigiwa simu na watu waliokuwa wameshairudisha rauta kwenye mipangilio ya kiwandani kwa kubonyeza kile kitundu cha nyuma kwa sindano. Nyaya zilipounganishwa, wenzao walipata intaneti, wao hawakuwa hata na neno la siri. Kitundu kile ukione kama kitasa cha chumba cha mgonjwa: kama hukuitwa, usikishike.

Jirani anashangilia bao ambalo sijaliona

Huu si ubovu. Mpira wa moja kwa moja kwenye intaneti hukatwakatwa vipande vya sekunde chache, na programu hujiwekea akiba ya vipande kadhaa ili picha isikwame. Akiba hiyo ndiyo ucheleweshaji wako: nusu dakika, mara nyingine zaidi. Wa dishi yuko mbele yako daima, na wa redio yuko mbele ya wa dishi.

Kitu pekee cha kuangalia ni kama hujachelewa kuliko unavyostahili. Ukisimamisha mpira uende kuchukua urojo, ukirudi programu inaendelea pale ulipoachia. Tafuta kitufe cha kurudi moja kwa moja, kwa kawaida kina kidoa chekundu. Baada ya hapo zima arifa za matokeo kwenye simu, na kama baraza ya jirani inatazama kwa dishi, nenda ukakae nao. Fainali ya Kombe la Mapinduzi haitazamwi peke yako chumbani hata hivyo.

Umeme umerudi, simu inapata intaneti, TV inasema hakuna

Hapa ndipo watu wanapouza TV nzima bure. TV na maboksi ya bei rahisi hayana betri ya kushika saa. Umeme ukikatika, saa yake inarudi nyuma, pengine hadi Januari 1, 1970. Programu zote za kutazamia hukagua vyeti vya usalama vyenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha. Kwa TV iliyoko mwaka 1970, cheti cha leo bado hakijazaliwa. Inakikataa, kisha inakuandikia kwa ufupi kwamba hakuna mtandao.

Fungua mipangilio, utafute tarehe na saa. Ikiwa imewekwa ijipangie yenyewe na bado imekosea, izime, uandike tarehe kwa mkono, kisha uzime TV na kuiwasha. Eneo la saa chagua la Afrika Mashariki. Na uandike saa za kizungu: bwana mmoja wa Chake Chake aliandika 2:00 kwa sababu ilikuwa saa mbili usiku. Programu zilifunguka, maana cheti hakijali tofauti ya masaa, lakini ratiba ya mechi ilimjia juu chini, na alinilaumu mimi wiki nzima.

Kama saa iko sawa, subiri. Rauta ikiwashwa huchukua dakika mbili au tatu kushika mtandao, na TV inayowaka kwa sekunde ishirini huitafuta, huikosa, huacha. Washa rauta kwanza, TV baadaye. Umeme wetu unakuja kwa waya uliopita chini ya bahari, Unguja kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba, Pemba kutoka upande wa Tanga tangu 2010, na waliokuwepo Unguja ule mgao wa giza wa Desemba 2009 hadi Machi 2010 hawahitaji kuhadithiwa. Siku hizi kinachosumbua zaidi ni ule umeme wa kupepesa, unaokatika sekunde moja. Taa hata hujaona imezimika, lakini rauta imeshaanguka na inaanza upya. Kuna UPS ndogo za rauta, yaani betri za akiba, za volti 12, ukubwa wa pakiti ya biskuti. Kwa maoni yangu hiyo inunuliwe kabla ya spika na kabla ya TV kubwa zaidi. Kabla ya kuichomeka soma kibandiko cha adapta ya rauta yako, volti zilingane na ampea zitoshe.

Bando la mwezi limekwisha siku ya tisa

Jambo hili hakuna aliyemwambia bibi, na mjukuu wa Muscat hakuliwazia. Dishi halihesabu saa. Ukishalipa kifurushi, TV ikeshe mpaka alfajiri hailipishi senti zaidi, na ndiyo maana nyumba zetu TV inawaka kama redio: katuni za watoto kabla ya chuoni, taarabu wakati wa kupika, mawaidha alasiri, na mchana kutwa inajisemea peke yake watu wakiwa uani wanaparua samaki. Ukihamia intaneti na tabia hiyo, unailipia kila dakika ambayo hakuna anayetazama.

Hesabu ni hii. Kwa Netflix, saa moja ya picha ya kawaida hula karibu GB 0.7, ya HD hufika GB 3, ya 4K hufika GB 7. Nyumba inayotazama saa nne kwa siku kwa HD inakula GB 12. Bando la GB 100 hapo linavuka siku ya nane, la tisa halioni jua likichwa. Ukishusha ubora hadi wa kawaida, saa zile zile nne ni GB 2.8, na GB 100 zinamaliza mwezi na kubaki.

Mwenye intaneti ya nyumbani isiyo na kikomo anaweza kudhani haya hayamhusu. Asome masharti yake vizuri. Vifurushi vingine hupunguza kasi ukivuka kiasi fulani, na dalili yake ni hii: tarehe za mwanzo wa mwezi mambo ni laini, kuanzia ishirini na kitu duara linarudi kila saa, mchana na usiku. Ukiona hivyo, wala usipande darini kutafuta mnara.

Mahali pa kupunguza ubora si kwenye TV kila mara. Kwa Netflix utaingia kwenye akaunti kwa simu au kompyuta, uchague wasifu, kisha matumizi ya data, maana Netflix ya TV haina kitufe hicho. YouTube kinyume chake: bonyeza gurudumu la mipangilio video ikiwa inacheza. Halafu zima kucheza yenyewe, ile tabia ya video moja kwisha na nyingine kuanza. Nimekuta nyumba moja ya Mwanakwerekwe ambapo mtoto alilala saa tatu na katuni ikaendelea kujipokezana mpaka adhana ya alfajiri.

Picha ina ukungu ingawa kasi ipo

Umepima, una megabiti 20, na Netflix inaonekana kama imepakwa mafuta. Tizama unatumia nini kufungulia. Maboksi mengi ya Android ya bei ya chini hayana kibali cha daraja la L1 cha Widevine, kinga ya Google ya kuzuia filamu zisinakiliwe, na bila ya kibali hicho Netflix huyapa picha ya 480p tu hata ukilipia kifurushi kikubwa. Maandishi ya "4K" juu ya boksi yanasema boksi linaweza, hayasemi limeruhusiwa. Hakuna cha kurekebisha hapo, ni kubadilisha kifaa.

Na kuna sababu nyingine ya kuyaogopa maboksi yasiyo na jina. Juni 2025 FBI ya Marekani ilitoa onyo kuhusu BADBOX 2.0, uhalifu ambao vifaa vya bei nafuu, maboksi ya TV yakiwemo, vinauzwa vikiwa vimeshatiwa programu mbaya, na intaneti ya nyumba yako inageuzwa njia ya wahalifu kupitia. Boksi linalokuahidi chaneli zote za dunia bure milele, jiulize nani anayelipia.

Ukitumia stiki ya kuchomeka nyuma ya TV na inajizima na kujiwasha, iondoe kwenye USB ya TV uipe adapta yake iliyokuja nayo. USB ya TV mara nyingi haina nguvu ya kutosha. Hilo ni la dakika moja.

Nimelipa, inanikatalia

Netflix ina kifurushi cha simu, cha bei ya chini, na kimeitwa hivyo kwa sababu hakifunguki kwenye TV. Hata kurusha picha kutoka kwenye simu kwenda kwenye TV hakikubali. Badilisha kifurushi, si TV.

Kadi ikikataliwa, hakikisha imefunguliwa kwa malipo ya mtandaoni na kwamba ina akiba zaidi kidogo ya bei, kwa sababu ubadilishaji wa fedha hula. Akikulipia ndugu wa nje, akaunti inaweza kukuonyesha filamu tofauti na alizokuwa akizisifu, maana haki za kuonyesha zinauzwa kwa nchi. Vijana watakwambia utie VPN, programu ya kukuonyesha kama uko nchi nyingine. Tangu 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, inataka wanaotumia VPN wajiandikishe, na nyingine zinakula kasi hiyo hiyo uliyokuwa ukiilalamikia.

TV ya zamani ikikwambia programu haitumiki tena, TV haijafa. Stiki nzuri inairudisha kazini.

Na ZBC iko wapi?

Wiki mbili baada ya waya, bi mkubwa alipiga tena. Safari hii alinisalimia. Tamthilia inakwenda vizuri, alisema, mpaka mwisho bila kukwama, Mungu akujaalie. Ila kesho ni siku ya kuangaliwa mwezi wa Ramadhani, na yeye atalipata wapi tangazo? Mjukuu alimwambia atafute YouTube. "Nitafute kwa miwani gani?"

Alikuwa na haki. Watu wanaohama wanahesabu filamu na mpira, wanasahau chaneli za nyumbani: habari za saa mbili, msiba uliotangazwa, mwezi. Zipo zinazopatikana pia mtandaoni, lakini mtu aliyezoea kubonyeza namba moja tangu siku za TVZ, kabla haijaitwa ZBC, hawezi kuambiwa aandike kwa herufi. Na siku mtandao ukilala, zote zinalala pamoja.

Nikaenda na antena ya nje ya kawaida, nikaifunga kwenye bomba lile lile lililokuwa limebeba dishi, king'amuzi cha antena alichokuwa amekisahau stoo nikakifuta vumbi, nikakichomeka HDMI 2.  Kwenye rimoti nikabandika kipande cha utepe mwekundu juu ya kitufe cha Source, maana nusu ya simu za "TV imekufa, nyeusi tii" ni mtu aliyekibonyeza bila kujua. Nikamwonyesha mara tatu: bonyeza chekundu, shuka moja, kubali. Nikaanza kusaka chaneli. Asilimia zikapanda taratibu, bibi akivuta tasbihi, mpaka nembo ya ZBC ikatokea na sauti ya msomaji habari ikajaa chumba.

"Hapo hapo," akasema. "Usiguse tena."